Mfereji na Mashahidi Wake: Udongo, Maji na Mimea ya Karungu



Karungu ni ghuba ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo kaunti ya Migori yakutana na kaunti ya Homa Bay. Wajaluo, ambao ndio wenyeji, huliita ziwa hilo Nam Lolwe. Kaskazini mwa ghuba husimama vilima vya Gwasi, mabaki ya mlima wa moto wa Kisingiri uliozimika zamani sana. Kusini, katika tambarare za Nyatike, Mto Kuja huingia ziwani baada ya safari ndefu kutoka nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Mji wa soko ni Sori, na pato la watu ni omena, mbuta, mifugo na mashamba.

Mgeni afikapo huko hulitazama ziwa kwanza, nasi pia tulilitazama. Lakini kilichotushughulisha siku zote tulizokaa ni kitu kidogo zaidi: mifereji ya maji na majani yaotayo kandokando yake. Kwa macho ya haraka majani hayo ni magugu tu. Ukiyatazama kwa utulivu utayakuta ni mashahidi. Yasema maji yanakwenda au yamesimama, udongo unapumua au umekabwa, ukingo ni mzima au unavuja. Na yasema pia ni familia gani itakayovuna na ipi itakayokosa. Kwa kuwa pwani yetu nayo ina mifereji, mito na madimbwi yake, tumeona ni kheri tuwaeleze tuliyoyaona na tuliyojifunza.

Udongo unaovimba na kupasuka

Tuanze na udongo, kwa kuwa mfereji ni udongo kabla ya kuwa maji. Tulishuka kutoka mji wa Homa Bay kwa njia ya Rodi Kopany na Ndhiwa hadi Sori, na kadiri tulivyolikaribia ziwa ndivyo udongo mweusi ulivyozidi kutawala. Huu ni mfinyanzi mzito, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita udongo wa mbuga. Chembe zake ni ndogo mno, na kila chembe imepangika tabaka juu ya tabaka mithili ya kurasa za kitabu. Maji yakiingia hujipenyeza baina ya kurasa hizo, udongo ukavimba. Jua likiwaka maji hutoka, udongo ukanywea na kupasuka. Katika kiangazi nyufa huwa pana kiasi cha kuingiza mkono, na mtoto akiangusha sarafu yake humo huwa ameiaga.

Tabia hiyo yaamua ni mmea upi utakaoishi na upi utakaokufa. Udongo unapopasuka huikata mizizi iliyo migumu. Ndiyo sababu miti ni michache kwenye mfinyanzi huu na nyasi ni nyingi, kwani nyasi zina mizizi laini ya kuoteka upya. Miti inayostahimili ni migunga yenye miiba na mijunju, ambayo watu wa pwani ya kaskazini wanaijua kwa matunda yake machungumatamu. Mvua za kwanza huzama ndani ya nyufa kwa kasi. Lakini nyufa zikishafumba, udongo hugeuka kama sakafu iliyosiribwa, na maji hukaa juu yake siku nyingi. Mmea wa hapo sharti uweze mambo mawili katika mwaka mmoja: kustahimili kiu, na kustahimili kuzama.

Kuna na jambo la chokaa. Mlima wa Kisingiri ulitapika, pamoja na majivu ya kawaida, miamba yenye chokaa nyingi, jambo lililo nadra kwa milima ya moto duniani. Katika kingo za makorongo ya Karungu chokaa hiyo huonekana kama vijiwe vyeupe ndani ya udongo. Mahali ilipozidi, madini ya chuma hufungika, yakawapo ardhini na mmea usiweze kuyachukua. Dalili yake ni jani changa kuwa manjano hali mishipa yake imebaki kijani. Mkulima asiyelijua hilo hudhani shamba lina kiu, akaongeza maji, na kwa kuongeza maji akaongeza dhiki.

Mto utokao kwa jirani

Ufuko wa Karungu si nchi ya mvua nyingi. Nyanda za juu za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Ufukoni mvua ni haba zaidi, na huja kwa kukatika. Basi maji mengi ya tambarare hii hayakunyesha hapa. Yalinyesha kwa jirani, yakaja kwa njia ya Mto Gucha, ambao huku chini huitwa Kuja, ukiwa umeungana na Mto Migori. Mto huo huja na mali mbili: maji na tope. Tope la Kisii ni udongo wenye rutuba uliong'olewa kwenye miteremko, na mto ufurikapo huutandaza kwa mpango wake wenyewe. Mchanga, ulio mzito, hutua karibu na ukingo. Mfinyanzi, ulio mwepesi, husafiri mbali zaidi na kutua penye maji yaliyotulia.

Kwa hiyo ukitembea kutoka mtoni kwenda kando, utaona mimea ikibadilika pasipo kuona mpaka wowote. Karibu na mto, penye mchanga na tope laini, pana maembe, migomba, mikwaju na mahindi, kwa kuwa maji hupita na hewa huingia. Ukisogea hatua mia kadhaa, miti hupungua. Ukisogea tena, unakanyaga mfinyanzi mweusi, na hapo ndipo penye mpunga. Mpunga haukupelekwa huko kwa bahati. Udongo usiopitisha maji, ambao humuua muhindi, kwa mpunga ni bakuli lisilovuja.

Hiyo ndiyo hekima iliyo nyuma ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja katika Nyatike, ulio chini ya mamlaka ya taifa ya umwagiliaji. Maji huchukuliwa mtoni, hupita katika mfereji mkuu, hugawanywa kwenye matawi, kisha huingia mashambani kwa vijifereji; na upande wa pili pana mifereji ya kuyatoa maji yaliyozidi. Mradi huo ulizaliwa katika nchi inayojua mafuriko. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, Kuja ulivunja kingo zake na familia za Nyatike zikahama makwao. Mto unaolisha ndio huo huo unaofukuza.

Kutoka kichwani hadi mkiani

Wakulima huuita mwanzo wa mfereji kichwa na mwisho wake mkia. Tuliutembea mfereji mmoja kwa miguu, asubuhi kabla ya jua kali, na tukaona jinsi mimea inavyobadilika hatua kwa hatua.

Kichwani maji huenda kasi. Chini pana mchanga, na mmea haupati pa kushika. Kingo zimevikwa ukoka, nyasi ile ile ya nyua zetu, ambayo hutambaa na kupiga mizizi kila kifundo. Ukoka ni rafiki wa mfereji: huufunga udongo kama mshono ufungavyo ukingo wa mkeka, wala haunyanyuki ukazuia maji.

Katikati maji hupunguza mwendo. Tope hutua, na tope likitua huleta wageni. Wa kwanza ni ndago, wenye shina la pembe tatu na vijiazi chini ya ardhi. Hufuata matete. Mahali mfereji umepanuka na maji yamelala, hutokea yungiyungi na maua yake, na pengine gugu maji lenye maua ya zambarau. Gugu hilo asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na mapema katika miaka ya 1990 likawa limefika maji ya Kenya. Hulinona zaidi penye mbolea na taka. Kwa hiyo mahali gugu maji limenawiri ndani ya mfereji, mtu ajue kuwa kuna mbolea iliyonunuliwa kwa fedha za mkulima na sasa inalisha gugu.

Hapo ndipo pana jambo la kustaajabisha kidogo. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi haina budi kupumua kama sisi. Mahindi yakisimama majini siku chache hukosa pumzi, yakanyauka huku maji yamewazunguka. Mbona basi matete, mafunjo na mpunga huishi? Kata shina la funjo ulitazame: ndani ni laini kama sifongo, limejaa vyumba vya hewa. Hewa hushuka kwa vyumba hivyo kutoka majani hadi mizizi. Mtoto wa pwani analijua jambo hili kwa sura nyingine, kwani amekwisha kuona mizizi ya mchu ikichomoza topeni kama vidole wakati maji ya bahari yametoka. Mikoko yetu na mpunga wa Nyatike vina shida moja, na vimepewa dawa mbili zinazofanana.

Mkiani hali ni nyingine kabisa. Maji hufika kwa zamu, na kuna zamu ambazo hayafiki. Ukingo uliokauka hupasuka, na maji yajapo hupotelea kwenye nyufa kabla ya kufika shambani. Mimea ya hapo ni ya watu wa kungoja: nyasi kavu, mbarika, na vichaka vya miiba. Penye bonde dogo lisilo na njia ya kutoa maji, juu ya udongo huonekana unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Jua huyavuta maji juu, maji huondoka na jua, na chumvi iliyokuwamo hubaki. Mwaka wa kwanza haidhuru. Ikikusanyika miaka mingi, mpunga hudumaa na majani yake huungua ncha.

Mkiani hapo tulimkuta mama mmoja akitazama shamba lake, jani la mpunga limekunjika kwa kiu. Tulimwamkia, tukamwambia, "Mama, mfereji wenu umependeza kwa kijani." Akacheka kwa upole, akatujibu, "Ninyi wageni wetu mwaona majani. Mimi naona maji yangu yaliyokwama huko juu."

Neno lake lilitufundisha kuliko vitabu. Majani yakisongamana katikati ya mfereji, maji hupungua mwendo. Maji yakipungua mwendo, tope hutua. Tope likitua, majani hupata pa kuotea zaidi. Mzunguko huo hauvunjiki wenyewe. Aliye kichwani haoni hasara, kwa kuwa lake shamba limejaa. Hasara yote humwendea wa mkiani, na aghalabu wa mkiani ndiye aliyechelewa kupata ardhi: mjane, kijana aanzaye maisha, au mgeni wa ndoa. Kusafisha mfereji ni kazi ya wote, lakini anayeihisi haja yake ni mmoja. Tumeona kuwa haki ya maji, hata ikiandikwa katika daftari la zamu, yaweza kuzuiwa na kichaka cha matete.

Hata hivyo, tiba yake si kung'oa kila kilicho kijani. Walipochuna kingo zikabaki uchi, mfinyanzi ulipasuka kiangazi na kuporomoka masika, na mfereji ukajaa udongo badala ya majani. Mwenye busara huondoa ndago na matete ndani ya njia ya maji, huuacha ukoka kwenye kingo, na miti mikubwa huipanda mbali kidogo ili mizizi yake isiufumue mfereji. Na akiona matete yameota nje, mahali ambapo hapana mfereji, haendi kuyafyeka tu. Hutafuta kwanza ukingo uvujao, kwa maana matete hayaoti pasipo maji, na maji hayo ni ya mtu fulani.

Mboga, mikeka na kuni

Akina mama wa Karungu hawatazami kingo za mfereji kwa jicho la magugu pekee. Mvua zikianza, kando ya mifereji huota mlenda, mchicha, mnavu na mwangani, mboga zilezile tuzijuazo pwani, ingawa wao huzipika kwa maziwa pale sisi tungetia nazi. Mboga hizi hupenda udongo uliochimbuliwa na kupata samadi, na ukingo wa mfereji una vyote viwili. Katika mwezi ambao mahindi hayajakomaa na fedha imekwisha, kingo hizo huwa ndizo kitoweo cha nyumba.

Penye maji ya kudumu karibu na ziwa kuna mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Mashina yake husukwa mikeka na kuezekea vibanda. Tulipowaona wanawake wakiyaanika juani tuliwakumbuka mama zetu wakianika miyaa kabla ya kuichana na kusuka ukili. Funjo na mkindu si ndugu, lakini mikono inayovisuka ni ya ndugu. Mafunjo hufanya pia kazi isiyolipwa: husimama baina ya nchi kavu na ziwa, yakashika tope na taka kabla hazijafika majini, na vifaranga vya samaki hupata maficho miongoni mwake. Ziwa lilipopanda hadi kiwango kisichowahi kupimwa kabla yake, mnamo Mei 2020, maeneo mengi ya ufuko yalifunikwa, mafunjo, mashamba na nyumba pamoja.

Konokono na afya ya watoto

Sasa tufikie jambo linalogusa kila nyumba yenye mtoto. Majani yaliyolala katika maji yasiyokwenda ni makao ya konokono wadogo, na konokono hao hubeba kichocho. Wadudu wa kichocho hutoka katika konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kando ya Ziwa Viktoria kinachotawala ni kichocho cha matumbo, ambacho hukomaza ini na kumdhoofisha mtoto miaka mingi bila kelele. Kwetu pwani kinachojulikana zaidi ni kile cha kibofu, kinachotia damu katika mkojo.

Tazama jinsi udongo, maji, mimea na ugonjwa vilivyofungamana. Mfinyanzi hushikilia maji. Maji yaliyosimama huotesha majani. Majani huwapa konokono chakula na kivuli. Na mtoto anayechota, kufua au kucheza hapo huambukizwa. Mfereji uliosafishwa, maji yakaenda kasi, huwa na konokono wachache. Basi kazi ile ile inayompelekea mama wa mkiani maji yake ndiyo inayompunguzia mtoto wa kichwani ugonjwa.

Wadudu hao hutoka kwa wingi zaidi saa za jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, saa ambazo watoto hupenda kuogelea. Wakiwa nje ya konokono na ya mwili wa mtu, huishi siku moja au mbili tu. Kwa hiyo maji yaliyotekwa na kuwekwa katika pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili huwa salama zaidi kwa kuogea, na yaliyochemshwa ni salama kabisa kwa hadhari hii. Anayesafisha mfereji avae viatu vya mpira virefu. Na aliyepatwa ana dawa, iitwayo prazikwanteli, ipatikanayo katika zahanati na hospitali.

Twataja hapa jambo la udhu, kwa kuwa linatuhusu. Msafiri wa Kiislamu apitaye nchi ya mifereji asidhani kila maji yaonekanayo safi yafaa kutawadhia kwa afya yake, hasa yale yaliyolala penye majani. Achukue maji yake katika chombo, au ateke penye mkondo. Na adabu tuliyofundishwa tangu utotoni ya kutokojoa wala kujisaidia katika maji wayatumiayo watu ndiyo hiyo hiyo inayoukata mnyororo wa kichocho, kwa kuwa mayai ya ugonjwa hayawafikii konokono ila kwa njia hiyo. Tuwafundishe watoto adabu hiyo pamoja na sababu yake.

Waliotutangulia ukingoni

Si mara ya kwanza kwa majani ya ukingoni kuwa habari ya uhai na mauti Karungu. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa huku na Makumbusho ya Uingereza kuchimba mifupa ya kale. Miongoni mwa wanyama waliopatikana Karungu ni jamaa wa kale wa ndovu, ambaye pembe zake zilitoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Tabaka hizo zina umri wa zaidi ya miaka milioni 17. Oswald aliandika kitabu cha safari yake, kikachapishwa mwaka 1915, na katika jina la kitabu hicho aliiita nchi hii nchi ya malale. Ugonjwa huo ulikuwa umeua watu wengi mno kuzunguka ziwa tangu mwanzo wa karne. Mbung'o aliyeueneza aliishi katika vichaka vya kivuli penye ukingo wa maji, na kufyeka vichaka hivyo kulikuwa miongoni mwa njia za kumfukuza.

Wataalamu wa miaka ya karibuni wamesoma pia udongo wa kale uliozikwa katika makorongo ya Karungu, tabaka za kati ya miaka kama 100,000 na 30,000 iliyopita. Walikuta udongo wenye alama za kuvimba na kupasuka, kama huu wa leo, na mifupa ya wanyama walao nyasi, na zana za mawe za binadamu. Walikuta pia mawe ya chokaa yaliyoachwa na chemchemi. Nchi ilikuwa kavu kuliko leo na nyasi zilitawala. Penye chemchemi pakawa na ubichi, na watu na wanyama wakakusanyika hapo. Ziwa lenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, lilikauka kabisa yapata miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Maji ya Karungu ni amana yenye historia ya kuondoka.

Tuliyonayo nyumbani

Mambo haya hayako mbali nasi. Kwenye mikoko yetu kila mti una mahali pake: mlilana hutangulia baharini, mkoko husimama kwenye tope laini, mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu huvumilia chumvi hata kuitoa juu ya majani yake. Mzee wa kukata boriti huijua ardhi kwa kuutazama mti, kama mkulima wa Nyatike aujuavyo mfereji kwa kuyatazama majani.

Na tunao mfano wa kuonya. Mti wa mathenge uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa Bamburi, Mombasa, ili kufunika machimbo ya mawe. Baadaye ukapelekwa Baringo na Bura, kwenye Mto Tana. Ulitakiwa kwa kuni na kivuli, nao ulivitoa. Lakini mti wenye mizizi mirefu na mbegu zipitazo tumboni mwa mbuzi ukishaupata ukingo wa mfereji hauombi ruhusa tena. Huko Bura ulisonga mifereji na kufunga njia. Aliyeupanda alitazama haja ya mwaka mmoja, na jamii ikabaki na hesabu ya miaka arubaini.

Wenzetu wa Oman wana mifereji ya kale iitwayo aflaj, na mitano kati yake iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wengi wetu tuna jamaa huko na tumesikia habari zake. Maji hupita kwanza penye kuchotwa ya kunywa, kabla hayajachafuliwa. Kisha hufika kwenye mitende, ambayo ni ya kudumu na huvumilia chumvi. Mwisho hufika kwenye vipande vya nafaka na majani ya mifugo, ambavyo hulimwa kadiri maji ya mwaka yanavyoruhusu. Zamu zilihesabiwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mpango huo huuweka mmea mahali udongo na maji yanapoweza kuubeba, na humpa kila mwenye haki saa yake. Nguvu yake kubwa ni kuwa usafi wa mfereji ni deni la wote, wa kichwani na wa mkiani.

Tuliondoka Karungu tukiwa na hakika hii: mtu akitaka kujua kama jamii inagawana maji kwa uadilifu, asiulize kwenye ofisi peke yake. Atembee mfereji hadi mwisho wake, atazame kinachoota. Ukoka kwenye kingo na mpunga mbichi mkiani ni ushahidi wa majirani wanaojaliana. Yungiyungi katikati na nyufa mkiani ni ushahidi wa kinyume chake, hata maua yawe mazuri namna gani. Nasi tulio na mtaro nyuma ya nyumba, kisima cha jamaa au kijito cha shamba, tuanze hapo hapo: tukatazame nini kimeota, tuulize kwa nini, na tumwulize jirani aliye chini yetu kama maji yamemfikia.